Kamba na Mikoko: Shauri la Kuchimba Mabwawa Katika Hori Zetu



Baada ya kumalizika uchumaji wa msimu uliopita, wenzetu wanne ambao mashamba yao yanateremka mpaka pwani walileta shauri mbele ya kamati. Walisema kwamba bei ya karafuu hupanda na kushuka, na mikarafuu ina tabia yake ya kuzaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili, na mtu hawezi kuwaambia watoto wasubiri kula mpaka mwakani. Basi waliomba chama kiwasaidie rasilmali ili wakate mikoko iliyo mbele ya mashamba yao, wachimbe mabwawa, wafuge kamba. Kamba ninaowataja ni wale wa baharini wanaoliwa, si ile kamba ya mchumaji ya kuvutia matawi. Nasema hivi kwa sababu mzee wetu mmoja wa kamati alikaa robo saa nzima akidhani tunazungumzia biashara ya usumba.

Sitaficha kwamba mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kupendezwa na shauri hili. Siku ile ile nilipiga hesabu nyuma ya daftari la makonyo: hektari moja, kilo kadhaa, bei kadhaa, na chini nikapiga mstari mara mbili. Kamati kwa busara yake haikuukubali mstari wangu. Iliniamuru nitafute khabari za wenzetu wa nchi nyingine waliokwisha kufuga, waliofaidika na waliopata khasara, kisha niwaandikieni hapa kabla ya mkutano mkuu.

Kwanza yafaa tujue kamba anaishi vipi, maana bila ya hilo hatutafahamu lolote. Kamba mkubwa hutaga mayai nje katika maji ya kina. Vifaranga vyake, vidogo kuliko uduvi, huchukuliwa na mkondo na maji yanayojaa mpaka ndani ya hori, na humo katika mizizi ya mikoko hukaa miezi michache wakila na kujificha, kisha hurudi baharini wakiwa wakubwa. Kwa hivyo mikoko ndiyo kitalu cha kamba, kama vile tunavyokuwa na kitalu cha miche ya mikarafuu chini ya kivuli kabla ya kuipeleka shamba. Mtu anayekata mikoko ili afuge kamba amefanana na mkulima anayechoma kitalu chake ili apate uwanja wa kuanikia karafuu.

Na hivyo ndivyo ilivyofanyika mahali pengi. Nchi ya Ecuador ilianza mabwawa ya kamba mwishoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka iliyofuata sehemu kubwa sana ya mikoko yake ikageuzwa mabwawa. Thailand, Bangladesh, Indonesia na Vietnam nazo zilifuata njia hiyo. Mabwawa hayo ya nguvu hujazwa vifaranga kwa wingi mno, wakalishwa chakula cha viwandani kilichotengenezwa kwa unga wa samaki, na mashine zikapiga maji mchana na usiku ili yapate hewa. Mavuno yake ni makubwa, hilo halina ubishi: hektari moja huweza kutoa tani kumi na zaidi kwa msimu mmoja. Hizo ndizo tarakimu alizowaonyesha wenzetu yule dalali aliyekuja na picha. Lakini picha zake hazikuonyesha mambo mengine.

Taiwan ilikuwa bingwa wa kufuga kamba, na ilipofika 1988 maradhi yaliingia, na mavuno ya nchi nzima yakaanguka vibaya katika mwaka mmoja. Uchina ilipatwa na msiba kama huo 1993, safari hii kwa kirusi kinachotia madoa meupe katika gamba la kamba. Kikiingia bwawani humaliza karibu wote kwa siku chache. Kirusi hicho kikazunguka dunia. Kilifika Msumbiji 2011, na mwaka uliofuata kikafika Madagaska, au Bukini kama walivyosema wazee wetu. Bukini si mbali na sisi. Bahari yake ni bahari yetu. Hivyo mtu asiseme kuwa maradhi haya ni ya Mashariki ya mbali tu.

Wenye mikarafuu hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Kimbunga cha 1872 kiliilaza mikarafuu ya Unguja kwa sehemu yake kubwa, na baadae katika karne iliyopita yakaja yale maradhi ya mkarafuu kufa ghafla, ambapo mti uliokuwa kijani unaanza kukauka majani, na baada ya muda mfupi ni kuni. Kitu kimoja kilichopandwa kwa wingi, kikabanana, na watu wote wakakitegemea hicho hicho, huwa maradhi yakiingia hayana pa kuishia. Bwawa la kamba lililojazwa pomoni ni mkarafuu wa namna hiyo, ila unakufa kwa wiki moja badala ya miaka.

Jambo la pili ambalo dalali hakulisema ni umeme. Katika bwawa lililojazwa kamba kwa wingi, mashine za hewa zikisimama usiku, kabla ya kupambazuka kamba wanaelea. Waungwana wa Unguja wanakumbuka jinsi waya wa chini ya bahari ulivyokatika 2008 na umeme ukapotea karibu mwezi mzima, kisha tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 wakakaa gizani tena. Sisi wa Pemba tulipata waya wetu kutoka Tanga 2010, nao una manufaa makubwa, lakini mfugaji aliyefunga roho ya kamba wake kwa waya mmoja anahitaji jenereta, na mafuta ya jenereta, na mtu asiyelala. Kuna njia nyingine ya kisasa inayosifiwa kuwa haichafui bahari, nayo ni kutia molasi ya miwa katika bwawa ili vijidudu vizaliane, vile vijidudu vile uchafu wa kamba, na kamba nao wavile vijidudu. Ni ufundi wa kweli, na maji hayabadilishwi mara kwa mara. Lakini hiyo nayo haiendi bila ya mashine za hewa saa ishirini na nne. Kwa mwenye rasilmali kubwa huenda ikafaa. Kwetu naiona ni nguo ya kuazima.

Jambo la tatu ni udongo wenyewe, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ndipo watu wengi walipopotelea. Matope ya mikoko yana kiberiti ndani yake. Ndiyo ile harufu ya yai bovu tunayoijua sote tukikanyaga huko. Maadamu matope yamefunikwa na maji, kiberiti kimelala. Ukiyachimba ukayapandisha juu kuwa tuta, yakapigwa na jua na hewa, kile kiberiti hugeuka tindikali kali. Mvua ikinyesha, tindikali hushuka kutoka katika tuta mpaka bwawani, maji yanakuwa makali, na kamba hawawezi kujenga gamba. Dawa yake ni chokaa nyingi na kusuuza kwa maji ya bahari mara nyingi, na hata hivyo mabwawa mengi yaliyochimbwa katika mikoko yaliachwa baada ya miaka michache. Yakishaachwa hayarudi kuwa mikoko kwa urahisi, sababu matuta yamezuia maji kupita. Mwambao wa Kenya, huko Ngomeni, pana ukumbusho wa namna hiyo: mikoko ilifyekwa kwa ajili ya mabwawa ya kamba, ufugaji wenyewe haukudumu, na kilichobaki ni eneo tupu.

Sasa nije kwa wale waliofanya vizuri, na ndio walionibadilisha mawazo.

Ncha ya kusini kabisa ya Vietnam ni mkoa unaoitwa Ca Mau, nchi ya matope na mikoko. Wakati wa vita katika miaka ya 1960, ndege za Marekani ziliinyunyizia mikoko hiyo dawa ya kuua majani, na misitu mizima ikafa. Baada ya 1975 watu waliipanda tena kwa mikono. Kisha ikaja homa ya kamba katika miaka ya 1980, na mikoko ile ile iliyopandwa ikaanza kukatwa tena. Mwisho Serikali yao ikaweka mapatano na wakaazi: kila nyumba hupewa eneo la msitu kwa mkataba, na mara nyingi sharti ni kwamba sehemu sita katika kumi zibaki mikoko, na sehemu nne ndizo za maji. Maji hayo hayakuchimbwa bwawa moja kubwa. Ni mifereji mirefu inayopita baina ya matuta mapana, na juu ya matuta hayo ndipo mikoko ilipo.

Chakula hawanunui. Jani la mkoko huanguka majini, likaoza, likaliwa na vijidudu na vijinyoo, na kamba akala hao. Mashine hawana. Dawa hawatii. Kazi yote hufanywa na mlango mmoja wa maji uliotiwa katika tuta la nje, na mwezi wa mbinguni. Linapokuja bamvua hufungua mlango wakati maji yakijaa, na ndani huingia maji mapya pamoja na vifaranga vya kamba, samaki na kaa. Wengi huongeza vifaranga vya kamba wakubwa wenye milia kutoka kwa wazalishaji, lakini kidogo kidogo, wachache kwa kila mita ya mraba, mara kadhaa kwa mwaka. Kamba wakishakua, mfugaji hungoja bamvua la mwezi mchanga na la mwezi mpevu. Usiku hutega wavu mlangoni wakati maji yakipwa, na kamba wanaotaka kurudi baharini hujipeleka wenyewe. Huvua hivyo kwa siku nne au tano, kisha maji mafu yakija hufunga mlango na kuacha wadogo wakue.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu huu ni uzio wetu wa fito, ila umepewa mlango. Babu zetu walijua kusimamisha uzio na kusubiri maji yapwe. Hawa wa Ca Mau wameongeza kitu kimoja tu, nacho ni kumzuia kamba mdogo mpaka anenepe.

Mavuno yao ni machache, na hapa lazima tuseme kweli. Kwa mwaka mzima hektari moja hutoa kamba kiasi cha kilo 250 mpaka 400. Hektari ni eka mbili na nusu. Basi mwenye eka tatu, kipimo tunachokifahamu vizuri, angetarajia kilo 300 mpaka 500 hivi. Weka hiyo kando ya tani kumi za dalali utaona kama mzaha. Lakini mtu wa Ca Mau hakununua chakula, ambacho kwa mwenye bwawa la nguvu ni nusu ya gharama au zaidi, kwani kila kilo ya kamba hula kiasi cha kilo moja na nusu ya chakula. Hakulipa umeme. Maradhi yakija humpunguzia, hayamfilisi. Na katika mifereji hiyo hiyo hupata kaa na samaki, na mikoko ikishapevuka hukatwa kwa zamu, ikauzwa na kupandwa upya. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kuna wanunuzi wa Ulaya wanaotoa bei ya juu kwa kamba hao, kwa masharti kwamba angalau nusu ya eneo ni mikoko na hakuna dawa iliyotiwa, na wakaguzi huja kuhakikisha. Shirika la Ujerumani liitwalo Naturland ndilo lililotangulia katika ukaguzi huo.

Si kwamba hawana taabu. Mlango ukiwa mmoja tu, wa kuingizia na kutolea, matope hujaa mfereji, na kuyachota ni kazi ya mgongo. Mikoko ikisongamana sana juu ya mfereji mwembamba, majani huwa mengi kupita kiasi, yakaoza na kumaliza hewa ya maji. Na wako wanaoiba sehemu sita zikawa tano, na tano zikawa nne, kidogo kidogo usiku, kama mtu anayesogeza jiwe la mpaka. Binadamu ni yule yule.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi kwa ujamaa wa bahari, nao ni Kerala, katika pwani ya Malabar ya Bara Hindi, huko majahazi yalikokuwa yakileta mbao. Katika mabonde ya chini yaliyo karibu na Kochi wakulima wana mpunga wao uitwao pokkali, unaostahamili chumvi. Mvua za kusi zinapoanza Juni huosha chumvi katika bonde, nao hupanda. Mpunga hukua mrefu kuliko mtu mfupi, na ifikapo Oktoba hukata masuke tu, mabua wakayaacha yaanguke majini. Tangu Novemba mpaka Aprili, maji ya bahari yanapopanda tena, hufungua milango na bonde lile lile huwa bwawa la kamba. Mabua ya mpunga yaliyooza ndiyo chakula cha kamba, na uchafu wa kamba ndio mbolea ya mpunga wa mwaka ujao. Usiku hutundika taa mlangoni na kamba hufuata mwanga mpaka wavuni. Mahakama Kuu Kabisa ya nchi yao, katika hukumu yake ya Desemba 1996, iliamuru mabwawa ya kamba yaliyojengwa ufukweni kwa mtindo wa viwanda yaondolewe, lakini wafugaji wa mtindo huu wa asili ikawaacha waendelee. Siku hizi mashamba ya pokkali yamepungua sana, kwa sababu vibarua wamekuwa ghali na wengine wanataka kamba mwaka mzima bila ya mpunga. Na bonde lililoachiwa chumvi mwaka mzima halirudi kuzaa mpunga kirahisi.

Nawatahadharisha hapa hapa, maana namjua msomaji wangu: mtu asichukue bonde lake la maji matamu akalifungulia bahari ati kafuata mfano wa Malabar. Mpunga wetu si pokkali. Ninayo sababu ya kusema hivi kwa ukali. Marehemu mjomba wangu alikuwa na bonde zuri la mpunga chini ya shamba lake la mikarafuu. Mbele ya bonde palikuwa na ukanda wa mikoko, akauza boriti zake zote kwa wajenzi katika miaka miwili. Alipata fedha, akaezeka nyumba kwa bati. Mwaka wa nne au wa tano likaja bamvua kubwa likapita moja kwa moja mpaka katikati ya bonde, maana hapakuwa tena na kitu cha kulivunja nguvu. Mpunga uligeuka mwekundu kama umechomwa. Nilikuwa mtoto wa skuli, nikatumwa kuonja maji ya kisima cha pale, nikayatema. Bonde hilo mpaka leo ni majani ya chumvi, na bati la nyumba limekwisha kula kutu.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika hesabu za mtu yeyote. Hori si mali ya mwenye shamba la juu yake. Akina mama wanakwenda huko kutanda uduvi na kuokota chaza, vijana wanakwenda kwa kaa, wavuvi wanapitisha ngarawa. Tukijenga tuta kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine tumewafungia mlango. Katika delta ya Rufiji kampuni moja ilitaka kufanya ufugaji mkubwa sana wa kamba katika miaka ya 1990. Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri usikubaliwe, Serikali ikaukubali 1997 juu ya hayo, na wanavijiji wa delta wakaenda mahakamani kuupinga. Mwisho mradi haukufanyika. Wanavijiji wale hawakuwa maadui wa maendeleo. Walitaka kujua watavua wapi kesho yake.

Zaidi ya hayo, mikoko ya visiwa vyetu ni msitu unaolindwa kwa sheria, na kuikata bila ya kibali ni kosa. Na mradi wa namna hii wapasa upite kwanza kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Chama hakiwezi kutoa hata senti moja kwa kazi ambayo mwanzo wake ni shoka lisilo na kibali.

Basi je, tuwaambie wenzetu wanne warudi nyumbani? Mimi sisemi hivyo. Haja yao ni ya kweli, na ni haja ya wengi wetu ambao hatukusimama kuisema. Ninalolipendekeza kwa kamati ni hili. Nyuma ya mikoko ya hori yetu, upande wa nchi kavu, lipo lile jangwa ambalo maji hulifika siku za bamvua tu, na sehemu yake ni mashamba ya chumvi ya zamani yaliyoachwa, matuta yake bado yamesimama. Hapo hapana mti wa kukata. Tuombe ruhusa ya bwawa moja dogo la majaribio, la robo hektari, lisilo zaidi. Liwe na milango miwili, mmoja wa kuingizia maji na mmoja wa kutolea, tusije tukapata taabu ya matope ya Ca Mau. Maji yanayotoka yasimwagwe moja kwa moja horini, bali yapite katika handaki pana lenye mwani na chaza, yatulie, kisha yapite mikokoni. Wataalamu waliopima jambo hili waliona kwamba hektari moja ya bwawa yahitaji hektari mbili za mikoko kusafisha maji yake ikiwa inafugwa kwa kiasi, na ikifugwa kwa nguvu huweza kufika hektari 22. Kila mwanachama anaijua hori yake; na apime mwenyewe kwa macho.

Kufuga namna hii ya kuunganisha si jambo geni kwetu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ilikwisha kufanya majaribio yake Makoba, Unguja, ya samaki, makombe na mwani katika mabwawa yanayopokezana maji. Na Beit-el-Ras kuna kituo cha kuzalisha vifaranga vya viumbe wa baharini, kilichojengwa kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na wa Korea. Nashauri bwawa letu lianze na mwatiko pamoja na kamba weupe wa bahari yetu, watakaoingia wenyewe na maji. Mwatiko hula majani laini ya majini na hana tabu. Kamba wakikataa, mwatiko utatulipa gharama ya matuta.

Vifaranga vya kigeni tusiviguse. Yule kamba mweupe wa pwani ya Amerika anayefugwa sasa Asia nzima alikwenda huko na maradhi yake. Wala tusiwatume watoto kuvua vifaranga kwa chandarua. Bangladesh waliupiga marufuku uvuvi huo mwaka 2000, kwani kwa kila kifaranga kimoja cha kamba kinachotakiwa, vifaranga vingi vya samaki wengine hutupwa mchangani vife. Mlango wa maji utatuletea wa kutosha kwa robo hektari. Uwekewe wavu wa matundu madogo ili samaki wakubwa walao kamba wasiingie nao. Nimekwisha kuulizwa kama inafaa kutia utupa bwawani kuwaua samaki hao, na jibu langu ni kwamba sumu haitatiwa katika kazi ya chama hiki, tena maji yale yanatoka kwenda kwa watu.

Kabla ya jembe la kwanza, udongo upimwe. Mwenye haraka anaweza kujaribu mwenyewe: achukue tope la kina cha magoti, alianike juani wiki kadhaa kama anavyoanika karafuu, akililowesha kila linapokauka. Likitoa madoa ya manjano kama majani makavu, hapo pana tindikali, na tutafute mahali pengine. Nimekwisha kuchukua matope ya sehemu tatu na yapo juu ya bati la ofisi. Atakayepita aangalie, ila asisogeze vikopo, kwani nimeviandika kwa chaki na mvua moja imekwisha kufuta kimoja.

Gharama nimeiomba kamati isivuke ada za mwaka mmoja. Mavuno ya kwanza yasitarajiwe kabla ya miezi minne au mitano tangu mlango kufunguliwa, na hesabu yake, ya faida au ya khasara, itachapishwa katika ukurasa huu huu bila ya kufichwa. Daftari langu lenye mstari mara mbili lipo kwa mtunza fedha, amelikataa kunirudishia.

Shauri litapigiwa kura katika mkutano mkuu. Kabla ya hapo kamati itakwenda kuliangalia jangwa kwa miguu, siku ya bamvua la mwezi mpevu ujao, maji yatakapokuwa yamekupwa kabisa, saa nne ya asubuhi. Tutakutana penye mbuyu wa njia panda. Wenzetu wanne watatuongoza, na akina mama wanaotanda uduvi katika hori ile nimewaalika, wamekubali, na wataombwa waseme mwanzo, kwa kuwa wao ndio wanaojua kila mkuku wa maji unapita wapi. Atakayekuja avae viatu vya kuchafuka.

Katibu wa Chama